Luteni James Reese Europe, Mkuu wa Beni

Neno "beni" limekaa katika lugha yetu muda mrefu, hata watoto hudhani ni neno la mababu. Lakini ni neno geni, nalo lilikuja pamoja na majeshi. Katika miji ya pwani, kabla ya mwaka 1900, vijana walisikia matarumbeta ya askari na ya manowari, wakayapenda, wakaanzisha ngoma yao wenyewe ya kuyaiga, wakajipa na vyeo vya kijeshi. Hata ilipokuja Vita Kuu ya 1914 mpaka 1918, askari na wapagazi wa vita waliieneza bara, na vyama vya Marini na Arinoti vikashindana katika miji mingi. Tena wako waliojifunza matarumbeta kwa njia nyingine, katika shule za misheni na katika sikukuu za Kanisa. Kwa sababu hiyo wazee wa Kanisa wameulizana mara nyingi: Je, beni ni jambo jema, au ni upuzi wa dunia? Mtu anayepuliza tarumbeta amefanya kazi, au amecheza tu?

Swali hili hatutalijibu kwa maneno matupu. Twataka kusimulia maisha ya mtu mmoja mweusi wa Marekani aliyekuwa mkuu wa beni ya jeshi katika vita ile ile. Msomaji akiisha kuyasikia, na apime mwenyewe.

Mtu huyo aliitwa James Reese Europe. Jina lake la ukoo maana yake ni Ulaya, wala si utani. Ndilo jina la baba yake. Alizaliwa mji wa Mobile, katika jimbo la Alabama, tarehe 22 Februari 1880. Wakati huo ilikuwa imepita miaka 15 tu tangu utumwa kukomeshwa katika Marekani, na watu wazima wengi weusi wa nchi ile walikuwa wamezaliwa watumwa. Baba yake alifanya kazi ya serikali, tena alikuwa mhubiri wa Wabatisti. Baba na mama wote wawili walijua muziki, nao waliwafundisha watoto wao nyumbani, kama vile wengine wanavyowafundisha watoto kulima au kusuka ukili.

Alipopata umri wa miaka kama 10, jamaa yote walihamia Washington, mji mkuu wa nchi. Huko Mungu alimfungulia mlango. Katika mji ule ilikuwako beni kubwa ya askari wa majini, na mmoja wa viongozi wake, aliyeitwa Enrico Hurlei, alikubali kumfundisha kijana huyu kupiga fidla. Alipokuwa na miaka 14 aliingia katika mashindano ya kutunga muziki, akapata nafasi ya pili. Na wa kwanza alikuwa nani? Alikuwa dada yake mwenyewe, Mary, ambaye baadaye alikuwa mwalimu wa muziki katika Washington. Wasomaji wetu wenye mabinti wasipite upesi mahali hapa. Wazazi wale hawakusema kwamba elimu ni ya mtoto wa kiume tu, na wote wawili walileta sifa nyumbani.

Baba yao alifariki mwaka 1899. Baada ya miaka michache James alikwenda New York kutafuta riziki. Alichukua fidla yake mkononi, lakini hakupata kazi, maana kwa mtu mweusi fidla haikuwa na soko. Hakukaa kulia. Aliiweka fidla, akashika mandolini na piano, akapata kazi. Tena baada ya muda si mrefu akawa kiongozi wa muziki katika michezo ya jukwaani iliyotungwa na kuchezwa na watu weusi, kama ule ulioitwa The Shoo-Fly Regiment na ule wa The Red Moon. Katika kazi hiyo alijifunza kuongoza watu wengi wenye tabia mbalimbali, jambo ambalo ni gumu kuliko kusoma nota.

Sasa tuseme habari ya hali ya wapiga muziki weusi katika New York siku zile. Matajiri walipenda sana kuwasikia. Lakini mara nyingi waliajiriwa kama watumishi wa mezani au waosha vyombo, na kazi ya kupiga vinanda iliongezwa juu, nao walilipwa kwa bakshishi zilizotupwa na wageni. Mwenye kutaka wapiga muziki hakujua awapate wapi ila kwa kuzunguka katika vilabu vya pombe. Basi mwaka 1910 Europe na wenzake waliunda chama kilichoitwa Clef Club, naye akachaguliwa kuwa mwenyekiti wake wa kwanza. Walinunua nyumba katika mtaa wa 53. Tangu hapo, mtu aliyetaka wapiga muziki alipeleka habari kwenye chama, na chama kilimpelekea watu waliovaa vizuri, waliofika kwa saa yake, na walioijua kazi. Lakini nao walidai mshahara uliopatanwa, na nauli, na mahali pa kulala. Hawakuosha sahani tena.

Kidole kimoja hakivunji chawa, na twajua vyama vingi vinavyoanzishwa kwa kelele na kufa kwa ugomvi wa fedha. Chama hiki kilisimama kwa sababu mkuu wake alidai mambo mawili pamoja: haki kwa yule anayeajiri, yaani kazi safi, na haki kwa yule anayeajiriwa, yaani malipo. Mtu akidai moja tu, chama chake hakidumu.

Tarehe 2 Mei 1912 Europe alifanya jambo ambalo halikupata kufanyika. Aliwaingiza wapiga muziki 125 weusi katika Carnegie Hall, ukumbi wa muziki wenye sifa kubwa katika New York, wapige muziki uliotungwa na watu weusi. Fedha zilizopatikana zilikuwa za kusaidia shule ya muziki ya watoto weusi katika Harlem. Wengi wa wapigaji wake hawakujua kusoma nota, walijifunza kwa kusikia. Vyombo vilikuwa mandolini, banjo, magitaa, na piano 10 kwa pamoja. Wengine waliona ni jambo la kuchekesha. Lakini ukumbi ulijaa, na weusi na weupe walikaa humo pamoja. Europe aliamini kwamba watu wake wana muziki wao wenyewe, wala hawana sababu ya kuona haya kwa kuwa haufanani na ule wa Wadachi au wa Waitalia. Mwisho wa mwaka 1913 kampuni ya Victor ilianza kutia muziki wake katika sahani za santuri, naye alikuwa mmoja wa watu weusi wa kwanza kuongoza kundi kubwa katika kazi hiyo.

Alikuwa na sifa na fedha. Kwa nini basi akaingia jeshini? Mwaka 1916 jimbo la New York liliunda jeshi la watu weusi, Rejimenti ya 15, chini ya Kanali William Hayward, Mzungu. Europe alijiandikisha mwezi Septemba mwaka ule, kama askari wa kawaida. Aliona kwamba watu wa Harlem hawakuwa na chombo chochote cha kuwakusanya vijana wao katika nidhamu, naye akafikiri kwamba jeshi hilo lingewafaa. Akafanya mtihani wa maafisa, akashinda, akawa Luteni.

Ndipo Kanali alipomwomba aunde beni. Kwanza hakutaka. Alikuwa amekuja kuwa askari, na tena alijua ya kuwa beni njema haiundwi kwa fedha kidogo. Akataka watu zaidi kuliko sheria ilivyoruhusu, akataka na fedha ya kuwavuta wapigaji hodari. Kanali akaomba kwa rafiki zake, na tajiri mmoja, Daniel Reid, akatoa dola 10,000. Hapo Europe hakuwa na udhuru tena. Akakusanya watu kutoka pande nyingi za Marekani, hata akasafiri mwenyewe mpaka kisiwa cha Puerto Rico mwaka 1917, akarudi na vijana zaidi ya kumi wajuao kusoma nota na kupuliza vyombo vya mbao. Mmoja wao alikuwa Rafael Hernández, ambaye baadaye alikuwa mtungaji maarufu wa nyimbo. Na aliyekuwa mkono wake wa kuume ni rafiki yake Noble Sissle, mwimbaji.

Marekani iliingia vitani mwezi Aprili 1917. Jeshi jingine lilipofanya gwaride la kuagana na mji, Kanali Hayward aliomba watu wake waandamane nalo. Jeshi lile liliitwa jina la upinde wa mvua, na inasimuliwa kwamba Kanali alijibiwa: nyeusi si rangi mojawapo ya upinde wa mvua. Wakanyimwa ruhusa.

Mwezi Oktoba walipelekwa kufanya mazoezi mji wa Spartanburg, katika jimbo la South Carolina, mahali ambapo Wazungu walikuwa wametangaza mbele kwamba hawawataki. Siku moja Sissle aliingia katika hoteli kununua gazeti. Mwenye hoteli alimpiga kofia ikaanguka, akamtukana, akampiga tena. Askari waliokuwapo, weusi na weupe wa New York, waliona, wakainuka kwa hasira, wakataka kuibomoa nyumba ile. Europe alikuwa karibu. Akaingia, akapaza sauti ya amri, wote wakasimama wima. Akawaamuru watoke nje kwa utaratibu, nao wakatoka.

Hapa tusimame kidogo. Wengine watasema alifanya uoga. Lakini miezi miwili tu kabla ya siku ile, katika mji wa Houston, askari weusi waliokuwa wameonewa hivyo hivyo walishika bunduki, watu wakauawa, na baadaye askari wengi wakanyongwa. Europe alijua hayo. Alijua pia kwamba adui zao walikuwa wakingoja neno moja tu ili waseme: mnaona, hawafai kuvaa nguo za jeshi. Alizuia hasira ya watu wake, lakini hakuwaambia kwamba kosa si kosa. Na wakuu wa jeshi, walipoona hatari, waliondoa rejimenti ile upesi, wakaipeleka Ufaransa.

Walishuka bandari ya Brest tarehe 1 Januari 1918. Hapo gatini beni ilipiga wimbo wa taifa wa Wafaransa. Wafaransa walisimama wakisikiliza, wala hawakuutambua wimbo wao wenyewe mpaka ulipokuwa umeendelea kidogo, kwa vile ulivyopigwa kwa mapigo mageni. Kisha mara nyuso zao zikabadilika, wakasimama wima wakatoa heshima.

Kwanza walipewa kazi za ukuli bandarini Saint-Nazaire, wala hawakupewa za askari. Lakini beni ilitumwa kuzunguka. Tarehe 12 Februari walipiga Nantes, kisha wakapelekwa Aix-les-Bains, mji ambao askari wa Marekani walipumzika. Sissle aliandika habari ya bibi mzee katika kijiji kimoja aliyeanza kucheza mwenyewe alipowasikia, na watu wakacheka kwa furaha. Nchi ile ilikuwa katika mwaka wa nne wa vita, na karibu kila nyumba ilikuwa na msiba.

Hata mwezi Machi jenerali mkuu wa Marekani aliitoa rejimenti hii kwa jeshi la Wafaransa. Wafaransa walipungukiwa na watu, na maafisa wengi wa Marekani hawakutaka kupigana bega kwa bega na weusi. Wakapewa bunduki za Kifaransa na kofia za chuma za Kifaransa, na jina jipya: Rejimenti ya 369. Wafaransa waliwatumia kama askari, wala hawakuuliza habari ya rangi. Ni ajabu kwamba mtu aitwaye Ulaya alikwenda mpaka Ulaya ndipo akatumiwa kama askari kamili wa nchi yake.

Luteni Europe aliacha kijiti cha kuongozea beni, akaenda mstari wa mbele na kikosi cha bombom. Alikuwa afisa wa kwanza mweusi wa Marekani kuingia mahandakini katika vita ile. Usiku alitambaa na Wafaransa katika nchi isiyo na mwenyewe, kati ya mahandaki ya pande mbili. Mwezi Juni alipigwa na moshi wa sumu, akapelekwa hospitali. Sissle alipokwenda kumtazama, akidhani atamkuta karibu na kufa, alimkuta ameketi kitandani na daftari, anatunga wimbo juu ya ile doria ya usiku.

Baada ya kupona aliagizwa kurudi kwenye beni. Mwezi Agosti walikwenda Paris kupiga mara moja tu. Lakini watu waliwapenda hata wakawekwa huko wiki 8. Walipiga katika bustani ya Tuileries pamoja na beni zilizosifiwa sana za Uingereza, Italia na Ufaransa. Europe mwenyewe alisimulia kwamba mkuu wa beni ya Wafaransa alimwomba nota za wimbo mmoja, akawapa watu wake waupige, kisha akarudi akasema haukutoka sawasawa. Wafaransa wakadhani matarumbeta ya weusi yana kitu cha siri ndani yake. Wakayachukua, wakayachungulia, wakayageuza. Hawakuona kitu, maana siri haikuwa katika shaba. Ilikuwa katika midomo na ndimi zilizofundishwa, na katika masikio yaliyolelewa tangu utoto katika nyimbo za makanisa yao na za kazi zao.

Rejimenti ya 369 ilikaa mstari wa mbele siku 191. Watu wake kama 1,500 waliuawa au walijeruhiwa. Serikali ya Ufaransa iliipa rejimenti nzima nishani yake ya vita, Croix de Guerre.

Tarehe 17 Februari 1919 walirudi New York, na safari hii mji uliwafungulia njia. Watu kama 3,000 waliandamana katika Fifth Avenue wakielekea Harlem, wamepangwa kwa safu pana za Kifaransa, na Luteni Europe mbele pamoja na beni yake. Njia yote walipiga miziki ya gwaride tu, kwa nidhamu. Lakini walipofika Harlem kwa watu wao, aliwapa ishara, beni ikageuka ikapiga wimbo wa kuchekesha juu ya baba anayekuja. Hapo mama na dada walivunja mistari, wakawashika waume wao na ndugu zao, na gwaride likawa karamu.

Mwaka ule alitia nyimbo 24 katika santuri, kisha akazunguka miji na beni yake. Tarehe 9 Mei walikuwa Boston. Siku ya pili yake alikuwa aweke shada la maua penye sanamu ya Kanali Shaw na askari weusi waliopigana katika vita ya kukomesha utumwa. Hakuifikia siku hiyo. Wakati wa mapumziko katikati ya tamasha, mpiga ngoma mmoja kijana aliingia chumbani mwake akinung'unika kwamba ameonewa. Europe alimsemesha kwa upole. Kijana akashikwa na ghadhabu, akachomoa kisu kidogo cha mfukoni, akamchoma shingoni. Jeraha lilionekana dogo. Europe aliagiza wenzake waendelee na tamasha, akapelekwa hospitali, na usiku ule ule akafa. Alikuwa na umri wa miaka 39. Risasi za Wadachi na moshi wa sumu havikumwua, akaja akauawa na mkono wa mtu aliyemlisha. Hasira, hasara.

Mji wa New York ulimfanyia maziko ya hadhara tarehe 13 Mei, heshima ambayo mtu mweusi hakupata kupewa katika mji ule kabla yake. Akazikwa Arlington, makaburi ya mashujaa wa taifa.

Tungependa kusema kwamba baada ya gwaride lile mambo yote yalikuwa mema. Tukisema hivyo tutakuwa tumedanganya. Miezi michache baadaye, wakati wa joto wa mwaka ule ule wa 1919, makundi ya Wazungu yalishambulia watu weusi katika miji mingi ya Marekani, hata askari waliotoka vitani wakauawa. Sajini Henry Johnson wa rejimenti hii, aliyepigana na Wadachi wengi usiku mmoja wa Mei 1918 mpaka risasi zikamwishia akatumia kisu, hakupewa nishani kubwa ya nchi yake mpaka mwaka 2015, akiwa amekwisha kufa miaka mingi. Na rejimenti nzima ilitunukiwa nishani ya dhahabu ya Bunge kwa sheria ya mwaka 2021, zaidi ya miaka mia baada ya gwaride.

Basi turudi kwenye swali letu. Beni haikuondoa dhuluma katika Marekani, wala Luteni Europe hakupata kusema kwamba itaiondoa. Hata hivyo ilifanya mambo tuliyoyaona: iliwatoa wapiga muziki katika kuosha sahani, iliwaletea watoto wa Harlem fedha ya shule, iliwapa watu wenye msiba furaha ya saa moja, na iliwaonyesha Wafaransa watu ambao walikuwa hawajawajua. Hayo yote yalifanywa na matarumbeta ya kawaida, kama yale yanayoning'inia ukutani katika shule zetu nyingi.

Kwa maoni yetu, beni ya upuzi ipo, na beni ya kazi ipo, na vyombo ni vile vile. Tofauti ni watu: kama wamefika kwa saa, kama wamejifunza, kama hesabu ya fedha yao ni safi, na kama mkuu wao aweza kusema neno moja katika saa ya hasira nao wakatii. Wazee wa Kanisa wanapoulizwa kama vijana wapewe matarumbeta, na waulize kwanza ni nani atakayewaongoza.